Stempu za Ndani ya Bahasha

Kambi ya Mkonge, Tanga

Mama yangu Mwanahawa,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nauliza mguu. Bado unavimba, au mafuta ya nazi yamesaidia? Mimi mzima. Mikono tu ndiyo imechomwa na mkonge, nayo imeshazoea.

Mama, nina jambo limenivuruga kichwa wiki nzima. Jumamosi nilikwenda posta kununua stempu mbili kama kawaida yangu, moja ya kubandika, moja ya kukutilia ndani ili unijibu bila kutoa senti yako. Karani akaniuliza kwa nini sisi wa kambini tunanunua mbili mbili. Nikamweleza, tena kwa kujisifu, kwamba watu wa Mlandizi hatuwaachii mama zetu gharama. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Basi Ramadhani, ninyi ndio mtakaoifunga posta ya kwenu."

Nilidhani ananitania. Akasema posta ndogo kama yetu hupimwa kwa stempu inazouza pale dirishani. Gunia la barua linafika limejaa, anayelibeba analipwa, anayezigawa analipwa, lakini stempu zote zimenunuliwa Tanga, kwa hiyo huko kwetu inaonekana hakuna kazi. Wakubwa wanafikiria kuifunga, na barua ziwe zinafuatwa Kisarawe bomani.

Sielewi, mama. Kichwa cha Mfalme kwenye stempu si kile kile, hapa na huko? Barua ikifika mikononi mwako, hiyo si kazi? Posta ile ile ndiyo iliyonipa habari ya baba, nikawahi arobaini yake. Leo naambiwa inapata hasara, na anayeitia hasara ni mimi niliyetaka kukupunguzia. Nimejaribu kukasirika, ila sijui nimkasirikie nani. Na kwa mguu huo, Kisarawe utafikaje?

Nimewaeleza wenzangu. Nusu wananiona nimerogwa, nusu wananiuliza tufanye nini.

Nisalimie shangazi Zuhura, fundi wetu wa mikeka, na dada Mwajuma na wanawe. Na wewe mjomba Salehe unayemsomea mama, salamu zako zimo, ila hapa soma pole pole.

Mama, ukiitikisa bahasha hutaona kitu kikidondoka. Sijakusahau, wala sijaishiwa. Jikongoje mpaka dirishani, ununue moja wewe mwenyewe.

Mwanao,
Ramadhani