Ukungu Uliosahau Kiazi

Ras Al Khor, Dubai
12 Januari 2025

Mke wangu Eseza,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mafua ya kiyoyozi hayaniachi. Wewe na Mama mnaendeleaje? Bado nalinda ghala lile lile la vipuri. Wenzangu wa zamu wamehamishwa, na siku inaisha sijasema zaidi ya "yes sir". Upweke umenizidi. Mkataba unaisha Juni. Kwenye simu tunaulizana mtandao tu, basi niandikie habari zako, hata za kazini.

Mumeo, Zedekiya

Mbeya
9 Februari 2025

Mume wangu,

Nashukuru u mzima. Sisi hatujambo, ila Mama na miguu yake. Habari za kazini umezitaka mwenyewe, usilalamike.

Maabara tunafuga ule ukungu unaoozesha viazi. Tunauita ukungu, kumbe kwa ukoo ni ndugu wa mwani. Miaka yote umestawi kwenye visahani vya maabara. Juzi tumeuweka kwenye jani la kiazi, haukushika. Tulipopima jenomu, yaani urithi wake wote, tukakuta imeongezeka: kromosomu zilizokuwa mbilimbili, baadhi sasa ni tatutatu. Kiumbe hiki hakitulii. Shambani hubadilika kikawashinda wakulima, sahanini kinabadilika mpaka kinasahau kiazi. Mkuu wangu anasema tuutupe, tutafute mwingine shambani. Mwenzio nimeuonea huruma.

Mkeo, Eseza

Dubai
2 Machi 2025

Eseza,

Natumai mko salama. Barua yako imeniuma. Ungesema wazi, si kunipitishia kwenye vitu vya maabara. Najua nimekaa mbali mno. Nilipokuja likizo nilikuwa mgeni nyumbani kwangu, hata chumvi niliona haya kuuliza ilipo. Kama umeshapata mwingine, niambie. Kafeel, mwajiri anayenidhamini huku, anataka nisaini miaka miwili tena.

Zedekiya

Mbeya
16 Machi 2025

Mume wangu,

U hali gani? Nakupigia hupokei. Niliposoma barua yako nilicheka, halafu nikalia. Uliomba habari za kazini nikakupa, basi. Sina mwingine. Ila ile likizo na mimi niliiona. Nilinyamaza nikidhani umenichoka.

Ukungu nimeuombea kwa mkuu, hatujautupa. Tunauhamisha jani hadi jani, na jana limetokea doa dogo. Sikuahidi kitu, maana mwingine hurudi, mwingine haurudi. Wewe usisaini. Usije likizo, njoo ukae. Tutazoeana upya.

Mkeo, Eseza

Dubai
3 Aprili 2025

Mke wangu,

Habari za huko? Mama anatembea? Barua yako nimeipokea leo kwa wakala wa mizigo, Deira, nikaisomea pale pale mlangoni.

Nilisaini Jumatatu. Nilizima simu nikiogopa kusikia umeniacha, nikaona heri nibaki huku. Leo nimemwomba arbab, huyo huyo kafeel, afute mkataba, akasema khalas, imekwisha, karatasi zimeshapelekwa, na pasipoti anayo yeye.

Nawasha simu sasa hivi. Ukipiga ukasikia kimya, usikate.

Mumeo, Zedekiya