Mpaka wa Mahango

Jumatatu, 3 Machi. Bwera
Nimesahihisha madaftari hadi saa kumi. Wiki hii ninafundisha maisha ya yule mwanasheria aliyekuwa balozi wa Marekani ilipokuwa changa. Ninamwita Mjumbe. Hispania walimsubirisha zaidi ya miaka miwili. Paris alipata amani na Waingereza. Ninampenda kupita kiasi.

Jumatano, 5 Machi
Baba amepiga simu kutoka Mahango. Tangu maporomoko ya udongo yabebe miti ya mpaka, yeye na baba mdogo wanagombania mibuni ya katikati. Baba mdogo ameapa hatakanyaga kwetu hata kwenye msiba. Anataka nikawapatanishe mimi, kwa sababu nimesoma. Ninaogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Darasani Mjumbe amerudi kutoka London na mkataba mwingine na Waingereza. Watu wake wamechoma sanamu zake, wakisema amewapa Waingereza mengi mno. Mwanafunzi ameuliza kama alihongwa. Nimemjibu kwa ukali.
Jioni nimeandika mkataba wangu. Vifungu vitano. Nimeuchapisha. Ninajivunia.

Jumamosi, 8 Machi. Mahango
Vibaya. Huku kwetu karatasi ikitangulia, watu wanaona mahakama. Baba mdogo hakuigusa. "Mwalimu, umekuja kunishitaki?" Baba naye amenuna: kifungu cha tatu kinampa ndugu yake nusu ya mibuni. Wote wamenikasirikia. Hilo tu wamekubaliana.

Jumanne, 11 Machi. Bwera
Aibu. Nimesoma tena sura ya London. Mjumbe na waziri wa Waingereza walikaa wawili, bila makarani. Kuandika kulifuata. Nilifundisha hilo Ijumaa, sikulisikia.

Jumamosi, 15 Machi. Mahango
Nimekwenda bila karatasi. Nimebeba miche ya miti ya mpaka. Kwetu mpaka hupandwa na wote wawili: mmoja anashika mche, mwingine anashindilia udongo. Nimeiweka chini kati ya baba na baba mdogo, nikakaa. Kisha baba mdogo akachukua jembe, baba akashika mche.
"Shika vizuri, mzee. Inaenda kwangu."
"Iko wima. Macho yako ndiyo yamepinda."
Mstari umepita palepale pa kifungu cha tatu. Hakuna aliyenishukuru.

Jumapili, 16 Machi. Bwera
Mjumbe aliombwa arudi kuwa jaji mkuu, cheo chake cha zamani. Alikataa, akaenda shambani kwake. Sura hiyo huwa ninaipita haraka. Leo nimeisoma polepole.
Baba amepiga simu. Mvua imenyesha, miche imesimama. Baba mdogo alipita asubuhi kuitazama. Akaingia ndani, akanywa chai.