Mita Iliyokuunguza Mkono

Tukuyu, Rungwe
9 Juni 1994

Kaka yangu mpendwa Omari,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Mama hatayapenda, kwa hiyo ukimsomea barua hii, yaruke. Mkono unaendeleaje? Vidole vinakunjika sasa? Mimi ni mzima, ila manyunyu hayakatiki na sweta uliloniachia ndilo ninalolalia.

Kaka, nimeanza kukulipizia kisasi.

Tangu uondoke kurudi Pangani sikuweza kupita mbele ya duka la Bwana Ambakisye bila kukumbuka ile siku pale stendi, nawe umefungwa kitambaa mkononi, alipowaambia wateja wako, "Huyu fundi wenu wa Pangani angebaki kwao akakuna nazi." Watu walicheka, kisha wakapeleka redio zao kwa mafundi wengine. Najua ulisahau waya mwekundu wa ile mita uliyonunua kwake kwenye tundu la ampea, la kupimia mkondo, ukapima umeme wa ukutani, ikakulipukia mkononi. Uliniambia mwenyewe. Lakini Mwalimu Sekela, anayetufundisha fizikia, alitueleza kwamba ndani ya multimita, yaani mita kama yako, huwekwa fyuzi kwa ajili ya mtu anayesahau. Nikanyoosha mkono nikauliza: kama fyuzi ipo, mita inawezaje kulipuka?

Shule ilikuwa na mita mbili kutoka duka lilelile. Mwalimu akazifungua zote mbili. Fyuzi zilikuwa zimeungua, tena zimezungushiwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, kama watu wa hapa mjini wanavyofanya kwenye redio zao ili umeme uendelee kupita. Akasema polepole, "Na wiki ijayo nilikuwa nawapa hizi mshike."

Nikamwomba amwalike mwenye duka aje kuona jaribio. Mwalimu alidhani ninataka mwenye duka ajifunze. Mimi nilitaka aogope.

Bwana Ambakisye alikuja na koti lake zuri, akatusalimu, "Mugonile, wanangu," akatania kwamba wasichana wanaochezea umeme hukosa wachumba. Mwalimu alikuwa ametia fyuzi nzima katika mita moja, akaifungia ndani ya sanduku la mbao lenye kioo, sisi tukasimama mbali karibu na mlango. Aliiweka kwenye omu, pa kupimia ukinzani, akawasha umeme wa ukutani, na mita haikufa. Akaihamishia kwenye ampea, ambako ni sawa na kupiga shoti. Tukasikia tiki ndogo tu. Fyuzi ilikatika, akatia nyingine, na mita ikapima vizuri kama kwanza.

Ndipo nilipochukua mita ya pili, yenye karatasi ya sigara, nikampelekea kwa mikono miwili kwa adabu.

"Bwana Ambakisye, kaka yangu fundi Omari aliishika kama hii. Shika na wewe upime."

Aliitumbukiza mikono yake katika mifuko ya koti. "Mimi ni mfanyabiashara, mwanangu, si fundi."

"Mikono ya kukuna nazi inatosha," nikamwambia.

Darasa zima lilicheka. Sijui kama ningemzuia iwapo angeishika. Mwalimu ndiye aliyekuwa ameweka mkono kwenye swichi, naye hakuiwasha.

Basi akaanza kujitetea mwenyewe, kwamba kila mteja anataka kuona cheche kabla ya kununua, na kila akigusisha mita kwenye betri ya gari fyuzi inaungua, sasa afanyeje zaidi ya kuizungushia karatasi? Mwalimu aliiweka ile mita sandukuni akawasha. Kaka, ililia kama bunduki. Kioo kilipasuka, waya zikayeyuka, na umeme ukakatika shule nzima. Bwana Ambakisye alikaa chini kwenye dawati la wanafunzi, jasho linamtoka katika baridi hii. Nilifurahi, na furaha hiyo haijaniisha.

Sasa ameziondoa mita zote dukani na anataka kuomba radhi ofisini kwa Mwalimu, kimyakimya. Nimekataa. Alikutukana stendi, na ni stendi atakapolisema kosa lake, mita iliyolipuka ikiwa mkononi mwake. Mwalimu aliniambia nina moyo mgumu kuliko umri wangu, kisha akasema atanisindikiza. Bwana Ambakisye amekubali iwe Jumamosi ya mwisho kabla hatujafunga shule. Na mama mwenye kibanda chako cha redio pale stendi hajampangisha mtu. Juzi aliniuliza utarudi lini, nikamwambia nitakuuliza.

Nisalimie Mama, na wifi Mwanahamisi anayekufungulia vifungo vya shati, na Bibi, umwambie dua zake zinanifikia. Baba mdogo Salimu mwambie maksi zangu za fizikia zimepanda.

Nijibu upesi, Kaka: utapanda basi uje usimame mbele yake mwenyewe, au nikusimamie mimi?

Mdogo wako,
Zuhura