Maji ya Bahari Kwenye Friza ya Mama

Jumatatu, 3 Juni
Baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Nimekunywa uji, nikatoa chupa za mwisho kwenye friza ya Mama, katikati ya kuku wake wa kuuza na mifuko ya barafu. Nikazifunga kwa magazeti, nikazipeleka maabara Nairobi. Friza ya chuo iliharibika mapema mwaka huu, hii ya hapa Mutituni ikanisitiri. Sina hamu ya kuiona tena.

Jumatano, 5 Juni
Majibu yametoka. Niandike polepole, nielewe mwenyewe.
Mimea midogo ya baharini huvuta kaboni ya hewani. Ikifa, bakteria huila. Kaboni nyingi wanairudisha hewani kwa pumzi yao. Yanayobaki ni makombo magumu, hukaa majini maelfu ya miaka, na hilo ni sehemu ya kinachotupunguzia joto duniani. Mimi niliacha maji ya bahari kwenye chumba chenye joto, kila wiki nikitoa chupa kadhaa na kuzigandisha ili bakteria waache kula na kipimo kibaki cha wiki ile.
Sasa chupa za wiki ya kwanza zinalingana na za wiki ya mwisho. Chakula kimekwisha kote. Maana yake walimaliza karibu kila kitu siku za mwanzo tu. Daktari, msimamizi wangu, amenipigia simu akicheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Anasema bahari ikipata joto haitatuwekea kaboni kama tulivyotumaini, na kwamba shahada yangu ndiyo hii.
Habari mbaya kwa dunia, nzuri kwangu. Ni aibu kufurahi. Nimefurahi.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari ameshawaandikia wafadhili. Mwezi ujao nitasoma majibu mkutanoni. Kuna kitu hakinikai sawa. Wiki ya kwanza bakteria walikuwa wachache mno kula namna ile. Nimejiambia ni woga wangu wa siku zote.

Jumapili, 9 Juni
Mama amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Eti binti yake amegundua kitu bahari ilikuwa imeficha. Makofi. Nilitamani kuingia chini ya benchi.
Alasiri dada yangu Nduku amekuja na picha za ntheo yake kwenye simu. Mbuzi wa kina Musyoki walichinjwa hapa uani mwezi wa nne, na kwa Kikamba tangu siku hiyo yeye ni mke wa Musyoki, hakuna wa kubisha. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kilifi narudisha vifaa vya kuchotea maji, vilikuwa vya kuazima. Nduku hajanisamehe vizuri. Kwa hiyo nilitazama picha zote kwa adabu.
Katika moja shangazi zetu wanacheza. Nyuma yao, kwenye veranda, chupa zangu. Zote. Zimepangwa ukutani kwa safu, zimefunikwa nusu kwa leso. Jua limezipiga.
Nikamrudishia simu. 

Jumatatu, 10 Juni
Nimemuuliza Mama. Hakuficha. "Nyama ya ntheo ningeweka wapi, mwiitu, binti yangu? Na wageni walikaa hapa siku tatu. Hizo ni maji tu. Nilizitoa polepole, nikazirudisha zote. Hata moja haikupotea."
Zikaganda tena. Mimi nikarudi, nikazikuta zilipokuwa.
Dawa ya kuwaua bakteria ilikuwa imeniishia. Nilitegemea baridi peke yake. Siku tatu za joto, wakaamka, wakala, chupa zote kwa pamoja. Ndiyo maana zinalingana. Hakuna ugunduzi. Kuna chupa zilizoachwa juani.
Nilimfokea. Nilimwambia ameniharibia miaka mitatu. Alisimama pale na kuku mkononi.

Jumatano, 12 Juni
Anayejua ni mimi. Mama anajua alizitoa, hajui maana yake. Nduku anaona shangazi wanacheza, basi.
Ninaweza kunyamaza. Ufadhili unaisha Agosti, na hakuna wa kunilipia boti nyingine ya kwenda kuchota maji. Nikinyamaza nina shahada. Na watu wazima wenye akili zao watakaa chini wapige hesabu ya bahari kwa nambari za veranda yetu.
Leo nimemchukia kila mtu. Nduku. Musyoki. Hata mbuzi.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeshika simu kutwa. Sijapiga.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepiga. Nimemweleza Daktari yote, na ntheo ni nini, maana yeye si wa huku.  Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"
Nilielewa anachouliza. Nikamjibu, "Mimi ninajua, Daktari."
Akakata. Baadaye ukaja ujumbe: ameondoa majibu mkutanoni, na ufadhili hautaongezwa. Hakuna pole, hakuna asante.
Sijuti.
Uongo. Najuta sana.

Jumapili, 23 Juni
Ukungu kutwa. Kanisani Mama hakusimama. Mtu mmoja alimuuliza habari za bahari, akasema tuko salama.
Mchana tumekaa jikoni kumenya mbaazi, kila mtu na ungo wake. Tangu nilipomfokea tunasalimiana kama wapangaji. Nilikuwa sijamwomba msamaha. Nilijaribu leo, nikaishia kumuuliza kama mbaazi zimekomaa.
Akaanza yeye. "Hao wadudu wako wa bahari. Walikufa na hiyo jua?"
"Hapana, Mama. Walikula."
"Walikula nini?"
"Kila kitu kilichokuwa ndani ya chupa."
Akamenya kidogo. Akapuliza maganda.
"Basi hata wao walikula ntheo ya Nduku," akasema. "Ni wewe tu hukukula."
Hakuinua macho. Nilisogeza kigoda karibu naye, nikachukua mbaazi kwenye ungo wake, tukaendelea.