Nilisogeza Lori Mita Chache

Mirek, umeamka? Nimekwama Ujerumani, kwenye uwanja wa kuegesha malori, karibu kabisa na mpaka wetu.

Nilikuwa nakaribia kumaliza mapumziko yangu ya lazima, zile saa kumi na moja. Alfajiri dereva mmoja Mlithuania akagonga dirisha: "Kaka, umeniziba, sogea kidogo nitoke." Nikasogea. Mita chache, Mirek! Ungekataa wewe?

Kisha akaja mkaguzi, akasoma kadi yangu ya tachografu, ile mashine inayorekodi mwendo na mapumziko. "Mzee, mapumziko yako yamekatika. Gari lilitembea."

"Afande, nilimpisha mtu tu."

"Mashine haijui kumpisha mtu. Anza upya."

Anza upya! Kwetu Poland mkaguzi angenikaripia, tungecheka, ningeondoka. Huyu hakupandisha hata sauti. Pengine ana haki, sijui.

Lakini leo mchana ni komunyo ya kwanza ya binti yangu Jagoda. Nikianza upya, nitakuta kanisa limefungwa.

Mlithuania mwenyewe kaondoka zamani. Uwanja mzima nimebaki peke yangu.

Nimempigia Jagoda. Nikamwambia kiti changu kanisani ampe baba yake wa ubatizo.

"Mama ameshampa tangu jana, baba. Alisema hutafika."

Wala hakulia, Mirek. Hakulia kabisa.