Jumamosi ya Kuhamisha Seva

Tumbi, Kibaha

Dada yangu mpendwa Efrazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Maneromango, na kwamba mguu umepungua uvimbe baada ya kusimama kutwa nzima kuhudumia watu wa msiba. Mimi ni mzima. Nakula, naoga, naenda kazini kama mtu aliyeagizwa.

Siku ya kuanua matanga uliniuliza mbona silii, nikainuka kwenda kukunja mikeka. Haikuwa kiburi, dada. Sikujua nianzie wapi, na kwa simu nisingeweza.

Nivumilie kwanza kwa habari za mitambo. Ofisini kwetu kuna seva kubwa inayounganisha zahanati za huku Kibaha na huko Kisarawe. Majibu ya maabara, dawa, bima, vyote vinapita humo. Toleo lake lilikuwa limezeeka, hata waliolitengeneza wameshalitupa mkono. Bosi wetu, Bi. Naila, alikataa katakata tuzime kila kitu siku nzima, akasema mgonjwa haambiwi arudi kesho eti kwa sababu sisi tunahama. Basi tukawasha mpya pembeni ya ile kuukuu, tukawa tunahamisha zahanati moja moja, kila moja ikisimama muda wa kunywa chai tu. Njia zote za humo nilizijenga mimi, kwa hiyo bila mimi kazi ingelala.

Ulipopiga simu mchana ule wa Jumamosi, nusu ya zahanati zilikuwa upande huu na nusu upande ule. Ulisema hali ya baba imebadilika, nije nyumbani. Nikakujibu nitafika kesho. Bi. Naila aliniuliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa na baba. Akanihimiza niondoke, lawama atabeba yeye. Nikamwambia maziko yatanisubiri, nikarudi kwenye kiti. Ulipopiga tena jioni sikupokea.

Unakumbuka mama alivyotutoka. Niliambiwa anaumwa kidogo, nije, na kukata kona ya nyumbani nikakuta turubai. Kwetu kifo hakitamkwi kwenye simu, na anayeitwa haulizi, asije akamlazimisha mwenzake kukitamka. Kwa hiyo sikuuliza.

Jumapili jioni nilikuta turubai, nikaona ni yale yale niliyoyajua. Ni baada ya maziko ndipo jirani yako, Mama Jenifa, akinipa pole, aliponieleza kuwa asubuhi ya Jumapili baba alikunywa uji, akataka kitanda kigeuzwe auone mlango, na kwamba alikata roho mchana akiuliza kama nimeshapita Kisarawe mjini. Nikamwitikia asante.

Watu uliwaambia nilicheleweshwa na barabara. Haikuwa barabara. Baba nilimzika Jumamosi, akiwa hai, nikaendelea na kazi. Seva imehama salama, hakuna zahanati iliyolalamika, nami nimesifiwa mbele ya wote. Sisikii chochote, si furaha wala uchungu.

Msalimie shemeji na watoto. Mama Jenifa usimwambie kitu, hakujua ananiambia nini. Nawe usije ukajilaumu hata kidogo. Wewe ulisema kweli tupu. Ni mimi niliyejifanya nimeelewa.

Mdogo wako,
Leodegar