Kitasa cha Stoo

Mtawanya, Mtwara
Januari, wiki ya kwanza

Dada yangu mpendwa Elizabeti,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mvua za Makambako hazijakurudishia kile kifua, na kwamba mama mguu wake unamruhusu kufika kanisani. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila joto la mwaka huu limekuja na hasira. Watoto wametokwa na vipele shingoni na wengine wanalala sakafuni.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Dada, nyumba hii haina kona. Nikishika simu, mapacha wananing'inia mkononi wanataka katuni. Nikitoka uani, namkuta mama mkwe anachambua mchele. Na haya ninayokuandikia siwezi kuyasema mtu akisikia. Kwa hiyo naandika kidogo kidogo, nimesimama, karatasi ikiwa juu ya friji. Jirani yangu Hadija ana mdogo wake ambaye ni kondakta wa basi linalokuja huko, ndiye atakayekufikishia.

Unajua watoto wangu walivyozaliwa: Fredi wiki ya Krismasi, mapacha mara tu baada ya mwaka mpya. Kwa wengine Desemba ni sikukuu moja, kwangu ni sherehe juu ya sherehe. Na ndio msimu wa korosho. Bandarini meli zinasubiriana, shemeji yako Lukasi anatoka watoto wamelala na kurudi wamelala, akivua viatu tu keshasinzia. Simlaumu, kazi yake ndiyo inayotulisha.

Safari hii mama mkwe alikuja kutoka Songea pamoja na wifi Sabina na watoto wake. Walikuja kwa furaha, wamebeba maharage, asali na kuku hai, na kwa kweli hawajakaa bure hata siku moja. Lakini kila kitu lazima kipitie kwangu. Mama Fredi, chumvi iko wapi? Mama Fredi, huyu amejichafua. Mama Fredi, mbona huli? Hata chooni watoto wananifuata, wanapenyeza vidole chini ya mlango. Usiku kitanda changu kimejaa miguu ya watu. Nilipomwambia mama mkwe kwamba nimechoka, alicheka kwa upole, akasema yeye alilea saba bila friji wala jiko la gesi, na kwamba nyumba yenye kelele ni nyumba yenye baraka. Nikaitikia.

Bethidei ya Fredi tuliifanya Jumamosi. Alitimiza miaka sita, na alikuwa amealika mtaa mzima bila kuniambia. Hadija alikuja asubuhi kunisaidia pilau. Yule mama ana maneno machache, aliniangalia usoni akaniambia, "Mama Fredi, wewe leo umekaa kama mtu anayesubiri gari." Nikacheka, nikaendelea kumenya vitunguu.

Mchana watoto wakajaa. Maputo yakapasuka, mapacha wakalia, keki ikaanza kuyeyuka, mtu akamwaga soda kwenye kochi. Wifi akaniomba nikatoe soda nyingine stoo. Nikaingia. Baadaye wakaniita, sikutoka. Wakasukuma mlango, haufunguki. Nikawaambia kwa ndani kwamba kitasa kimegoma.

Basi ikawa kizaazaa. Wifi akajaribu kwa kisu, mama mkwe akaanza kusali kwa sauti. Fundi wa karibu alikuwa amesafiri kwao Nanyamba kwa sikukuu. Lukasi akapigiwa simu, akasema atatoroka kazini akipata mtu wa kumshikia zamu. Wageni wasingeweza kungoja. Wakaimba, keki ikakatwa mimi nikiwa nyuma ya mlango. Jioni Lukasi akafika na nyundo, akavunja kitasa, nikatoka nimelowa jasho, watu wote wakapiga makofi. Krismasi kanisani kila aliyenisalimia alinitania: Mama Fredi, umetoka kifungoni? Hata wewe, wifi alikusimulia kwenye simu, nikasikia unavyocheka.

Dada, kitasa hakikuharibika. Nilijifungia mwenyewe. Nilizungusha ufunguo, nikauchomoa, nikaushika mkononi. Sikupanga. Niliingia kutafuta soda, mlango ukajirudishia nyuma yangu, kelele zikapungua, na mkono wangu ukafanya hivyo. Nikakaa juu ya gunia la mchele kwenye giza. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili huu ni wangu peke yangu.

Hilo ungeweza kunisamehe hata kabla sijaomba. Lakini Fredi alikataa kukata keki mpaka nitoke. Niliwasikia wanavyombembeleza. Mwishowe akakata, akaja na kipande, akalala chini kifudifudi na kukisukuma kwenye uwazi wa mlango. Hakikuenea, nikaona krimu tu na vidole vyake. Akaniambia, "Mama, usilie, baba anakuja na nyundo." Mimi nilikuwa silii, dada. Nilikuwa nimetulia. Yeye ndiye aliyekuwa analia. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, mwanangu yuko upande wa pili analia siku yake ya kuzaliwa, na sikufungua.

Tangu siku hiyo hakuniacha. Alishika sketi yangu popote niendapo, na kila mlango aliuwekea kandambili usijifunge. Nikaona siwezi kubeba uongo huu. Nilimwambia Lukasi kwanza. Akaniuliza, "Mimi nimekukosea nini?" Hajanikosea kitu, na bado nilikuwa nashindwa kupumua. Kesho yake alimweleza mama yake kwamba sherehe ya mapacha haitakuwepo. Mama mkwe amenuna. Anasema wake wa siku hizi tunadekezwa. Lakini keki haikuokwa.

Kisha nikamwita Fredi, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia kitasa kilikuwa kizima, mama alijifungia kwa sababu alichoka sana, wala si kwa sababu yake. Akasikiliza, akaniuliza jambo moja tu:

"Ulikuwa unanisikia?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa namsikia.

Akaniangalia, akageuka, akaenda kucheza. Nilidhani yamekwisha. Ila jana alianguka uani akachanika goti. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikamnyooshea mikono. Akanipita, damu inamchuruzika, akaenda kwa bibi yake. Sasa hanifuati tena, dada. Nimepata nafasi niliyokuwa naitaka, na sijui niiweke wapi.

Nakuomba uje. Mama mkwe anaondoka shule zikikaribia kufunguliwa, na Lukasi atakuwa bado na meli zake. Usilete zawadi, usilete chakula. Njoo uwashike mapacha, ili mimi na Fredi tupate kukaa wawili tu, hata kama hatazungumza. Mama usimweleze, mwambie unakuja kuota jua la pwani.

Wasalimie wote waliopo hapo nyumbani. Hadija anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema atakutengea korosho za kukaanga. Bwana awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Doris